Sili ya tila inayovuja kila mara: anza na shafti

Swali: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nalima bustani ya viazi mviringo, karoti na kabichi hapa Uyole, Mbeya. Tila yangu (mashine ya kulimia ya kusukuma kwa mkono), ndogo ya petroli, nguvu za farasi 7, inavuja oili kwenye giaboksi upande wa visu. Tangu mvua za Novemba zianze nimebadili sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke kandokando ya shafti) mara 3, na kila mara inadumu wiki mbili tu. Sasa nikiwa kazini nasikia inagonga ndani, na puli ya mkanda nikiivuta kwa mkono inakuja na kurudi. Fundi wa jirani anashauri niache oili nijaze grisi, kwa kuwa grisi haivuji. Mwingine anasema nitupe giaboksi ninunue nyingine. Nishike lipi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Katika yote uliyoandika, lililonishtua ni hilo la puli kuja na kurudi. Kuvuja kunakusumbua kwa sababu unakuona kila siku, lakini puli inayocheza ndiyo itakayokuulia giaboksi. Kwa hiyo usinunue sili ya nne kwanza. Grisi usijaze. Giaboksi usitupe mpaka umeifungua na kuona kilichomo.

Kabla ya yote, hakikisha ni nini hasa kinachocheza. Zima injini, chomoa waya wa plagi, legeza mkanda. Shika puli kwa mikono miwili, ivute na uisukume huku mtu mwingine akimulika tochi kwenye ncha ya shafti. Ikiwa puli inatembea na shafti imetulia, shukuru Mungu: kii (kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti) imelika au skrubu ya kubana puli imelegea, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Ikiwa puli na shafti vinakwenda pamoja, tatizo liko ndani kwenye beringi. Kwa ule mlio wa kugonga unaousikia, naamini utakuta ni hili la pili.

Nikueleze kwa nini shafti hiyo inapenda kutembea. Tila za aina yako, zenye mkanda juu na giaboksi nyembamba inayoshuka katikati ya visu, kwa kawaida zina shafti mbili. Ya kwanza ni shafti ya kuendeshea: inapokea nguvu kwenye puli, na sehemu yake ya ndani imechongwa meno yanayozunguka kama ya skrubu. Meno hayo yanazungusha gia kubwa ya shaba iliyokaa kwenye shafti ya pili, ile inayobeba visu kulia na kushoto. Sasa chukua bolti uizungushe ndani ya nati iliyobanwa na koleo. Bolti inazunguka, lakini pia inajivuta kwenda mbele. Shafti yako inafanya hivyo hivyo kila dakika visu vinapokata udongo, na kitu pekee kinachoizuia isitembee ni beringi zake mbili. Visu vikigonga jiwe, au ukiinua tila kichwani mwa tuta mzigo ukaisha ghafla, msukumo nao unaachia. Beringi ikishalika, shafti inarudi nyuma, kisha inatupwa mbele visu vikishika tena udongo. Huko ndiko kugonga unakokusikia. Kila pigo linamega kidogo meno ya shaba, na unga wa shaba unaelea kwenye oili hadi kwenye midomo ya sili, ambako unafanya kazi ya msasa. Ndiyo maana sili mpya inakufa ikitafunwa kutoka ndani.

Na nje nako kuna adui. Vile vipande vyepesi vya kijivu unavyovikuta shambani, ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea, ni mawe yaliyotapikwa na volkano zetu. Mlima Rungwe wenyewe ulilipuka mlipuko mkubwa yapata miaka 4,000 iliyopita, na udongo wa upande huu umejaa mabaki ya milipuko ya namna hiyo. Ni mawe yale yale tunayosugulia visigino. Udongo huo unalea viazi vizuri sana, lakini ukichanganyika na maji ya mvua na kukaa kwenye mdomo wa sili, unachimba mfereji kwenye chuma cha shafti. Nimefungua tila za Uyole na za Isyonje zenye mfereji unaoingia ukucha, ilhali wenye tila wanasema walibadili sili juzi. Kule Usangu kwenye majaruba ya mpunga ugonjwa ni mwingine. Zile pawatila kubwa zilizoingia kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa 2009, zinashinda ndani ya maji, kwa hiyo huko oili hugeuka kama maziwa kabla hata sili haijaanza kuvuja. Kwako nategemea mfereji kuliko maziwa, ila angalia vyote.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho mafundi tunakiruka, na mimi nilikiruka miaka mingi: tundu la kupumulia. Juu ya giaboksi, mara nyingi kwenye kifuniko cha kujazia oili, pana tundu dogo. Meno ya skrubu na gia ya shaba hayaviringiani kama gia za kawaida, yanasuguana kwa kuteleza, hivyo giaboksi hii hupata joto sana. Hewa iliyo ndani inatanuka. Tundu likizibwa na tope, hewa hiyo inatafuta njia, na njia iliyo rahisi ni chini ya mdomo wa sili, ikiisukuma oili mbele yake. Toa kifuniko, kioshe kwa petroli, pitisha waya mwembamba, pulizia mpaka uone hewa inapita. Ningekuwa karibu nawe ningeanza na hili hata kabla ya kugusa spana.

Sasa kumwaga oili. Washa tila dakika kumi ikiwa imeinuliwa, visu visiguse kitu na watu wakae mbali, ili oili ipate joto na takataka zielee. Zima, chomoa tena waya wa plagi, kisha mwaga kwenye beseni jeupe, safi. Peleka juani. Oili nyeusi peke yake isikutishe. Ukiona mng'ao kama wa vumbi la dhahabu, hiyo ni gia ya shaba inalika. Pitisha sumaku, hata ile ya spika iliyokufa: vikinasa vipande bapa kama magamba ya samaki, beringi imeanza kubanduka. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Vumbi la dhahabu kidogo ni la kawaida kwa giaboksi ya namna hii, lakini likijaza kiganja hali si nzuri.

Pima mchezo wa shafti, yaani inavyotembea ndani na nje, kabla hujafungua, maana baadaye hutakuwa na cha kulinganisha. Mwenye saa ya kupimia mchezo (dial gauge) aitumie. Asiye nayo afunge kipande cha chuma kwenye bodi ya tila, ncha yake ikaribie uso wa puli. Sukuma shafti ndani, pima uwazi kwa zile bapa nyembamba za kupimia nafasi za valvu, kisha vuta shafti nje upime tena. Tofauti ndiyo mchezo wako. Kitabu cha mashine kikiwa na kipimo, fuata kitabu. Kama hakuna, mimi nikikuta zaidi ya nusu milimita nafungua bila kujadiliana na mtu.

Osha giaboksi nje kwa brashi na mafuta ya taa mpaka iwe safi kama sufuria, kwa sababu punje moja ya udongo ikiangukia ndani umejiandalia safari nyingine. Kabla ya kuvua visu, weka alama ya rangi: cha kulia kibaki cha kulia, makali yatazame mbele. Ukivivua, kata nyasi na nyuzi zote zilizojizungusha kwenye shafti. Nyuzi za viroba ni mbaya kuliko nyasi, kwa sababu zinajikaza na joto na kuingia chini ya sili kama kisu. Puli itolewe kwa pula, kile kifaa cha kuivuta kidogo kidogo, Mwalimu, si kwa nyundo. Nyundo kwenye puli inapeleka pigo lote kwenye beringi ya ndani na kwenye meno ya shaba, na kama beringi ilikuwa bado nzima haitabaki nzima.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Chini ya kifuniko cha beringi utakuta gasketi, pengine mbili au tatu za karatasi zilizopangwa. Usizichane na kutupa. Katika giaboksi nyingi za namna hii gasketi hizo hazizuii oili tu, zinaamua pia shafti icheze kiasi gani. Zikiwa nene, shafti inapata nafasi ya kutembea; zikiwa nyembamba, beringi inabanwa. Zihesabu, zipime unene, andika zilikaa upande gani. Tila kadhaa zilizonifikia zikigonga zilikuwa na ugonjwa huu tu: kuna mahali zilifunguliwa, gasketi zikatupwa, pakapakwa silikoni tele, na kifuniko kikakaa mbali kuliko zamani.

Vifuniko vikitoka, toa shafti ya kuendeshea na uitazame kwa utulivu. Beringi izungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza, usiibembeleze, badili zote mbili. Namba iko ubavuni mwake, isome baada ya kuisafisha. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu la ndani kwa milimita. Hivyo 6205 ni tundu la milimita 25, na nje yake ni 52, unene 15. Sili nayo husomwa kwa namba tatu: ndani, nje, unene. Nenda madukani Mwanjelwa, mjini Mbeya, na namba zako kwenye karatasi pamoja na vitu vyenyewe mfukoni, na uvilinganishe pale pale dukani. Beringi yenye maandishi yaliyopinda au yanayofutika kwa kidole iache, hata kama bei yake inavutia.

Kama beringi zako ni za roli zilizochongoka, badili koni (pete ya ndani yenye roli) pamoja na kikombe chake (pete ya nje). Usiweke koni mpya kwenye kikombe kilicholika.

Kuvalisha beringi mpya kwenye shafti kuna njia moja ninayoipenda sana kwa watu wa nyanda za juu. Beringi hupashwa moto ili itanuke, lakini ikipita nyuzi joto 120 za Selsiasi chuma chake kinaanza kupoteza ugumu, na moto wa mkaa au wa gesi haukupi onyo. Weka beringi kwenye kopo lenye oili safi, kopo hilo lisimamishe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Uyole, kwa kimo cha mita kama 1,800, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo hata ukisahau beringi humo nusu saa haitaungua. Hakikisha tu hakuna tone la maji linaloingia kwenye oili. Shafti iache nje usiku, asubuhi iwe ya baridi. Vaa glavu kavu, chukua beringi, isukume mara moja mpaka mwisho. Kwa kawaida inaingia bila pigo.

Sasa ule mfereji wa sili kwenye shafti ya visu. Pitisha ukucha. Kama haunasi, pitisha msasa laini sana kwa kuzungusha, usivute kwa urefu, kwa maana michirizi ya urefu inakuwa mifereji ya oili. Kama ukucha unanasa, una njia mbili za haki. Ikiwa nyumba ya sili ina kina cha kutosha, ikalishe sili mpya milimita 2 nje au ndani ya pale ilipokaa ya zamani, ili mdomo wake ukutane na chuma ambacho hakijaguswa. Ikiwa haiwezekani, mpe fundi wa kukereza vyuma aivishe bomba jembamba la chuma mahali hapo na kulilainisha. Kujazia kwa welding mimi sikupendi; joto linapinda shafti ndefu kama hiyo, na kuna sehemu inayobaki ngumu na nyingine laini. Baada ya hapo iviringishe shafti juu ya kioo kinene. Mwanga ukionekana unapita chini yake katikati na kupotea, imepinda, na shafti iliyopinda itaua sili yoyote utakayoinunua. Ukilazimika kuchonga nyingine, itoke kwenye chuma cha ekseli ya lori. Nondo ya ujenzi hapana.

Gia ya shaba itazame ncha za meno. Zikiwa bado bapa juu, inaishi. Zikiwa zimechongoka kama kisu, imekwisha, na hapo badili pamoja na shafti ya skrubu, maana vimezoeana. Kama iko katikati, kuna jambo linalofaa kujaribiwa: tila hukata udongo kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo kila jino limelika ubavu mmoja. Kitovu cha gia kikiwa sawa pande zote mbili, igeuze kushoto-kulia, na ubavu usioguswa ndio utakaobeba mzigo. Nimewaongezea watu misimu kwa njia hiyo. Baada ya kuigeuza, paka meno ya shaba rangi nyepesi, zungusha kwa mkono, uone alama inakaa wapi. Inatakiwa ikae katikati ya jino, ikisogea kidogo upande ambao skrubu inatokea, ili oili ipate mlango wa kuingilia. Ikikaa pembeni, isogeze shafti ya visu kwa kuhamisha gasketi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Sili mpya chagua yenye midomo miwili, mmoja wa oili na mmoja wa vumbi, na katikati ya midomo hiyo jaza grisi. Hapo ndipo grisi inapofaa, na huyo fundi jirani mwambie hivyo kwa heshima, kwa sababu wazo lake halikutoka hewani: vipo vitila vidogo sana vinavyotoka kiwandani vikiwa na grisi laini ndani, na kitabu chao kinasema hivyo. Chako kilitengenezwa kwa oili. Ukijaza grisi, skrubu inaisukuma pembeni mara ya kwanza, haina uwezo wa kurudi yenyewe kama oili, na meno yanabaki makavu katikati ya giaboksi iliyojaa. Joto linapanda na shaba inayeyushwa na msuguano. Haitavuja, ni kweli, lakini itakufa kimya.

Upande wa springi wa sili utazame ndani, kwenye oili. Shafti ifunge nailoni nyembamba juu ya njia ya kii na ncha zote kali kabla ya kupitisha sili, na uipake oili. Igonge kwa bomba linalolingana na ukingo wake wa nje, taratibu, pande zote sawa. Bisibisi isikaribie hapo.

Funga kifuniko cha shafti ya kuendeshea na gasketi za unene ule ule, kaza bolti kwa kupishana, kisha rudia kipimo chako cha mwanzo. Beringi mpya zitakuwa zimepunguza mchezo. Shafti inapaswa kuzunguka kwa vidole bila kukwama popote, na ukiivuta usihisi pigo. Ikiwa nzito, ongeza gasketi moja nyembamba. Ikicheza, punguza moja. Fanya hivyo mara nne au tano kama inabidi. Hii ndiyo kazi yenyewe uliyofungulia giaboksi. Visu usitarajie kuvizungusha kwa mkono ili puli izunguke, kwa sababu skrubu kwa kawaida haikubali kuendeshwa kinyume. Zungusha puli.

Oili weka ya gia, SAE 90 (namba ya uzito wake), daraja GL-4, hadi kwenye bolti ya kipimo tila ikiwa imesimama sawa, isizidi. GL-5 dukani watakwambia ni bora zaidi. Kwa gia za chuma kitupu ni kweli, lakini baadhi yake zina dawa zenye salfa zinazokula shaba kwenye joto, kwa hiyo isipokuwa kopo liseme waziwazi ni salama kwa shaba, iache. Kitabu kikisema SAE 140, ambayo ni nzito zaidi, fuata kitabu, ila asubuhi za Juni na Julai iache tila iunguruke kidogo kabla ya kuiingiza udongoni, kwa sababu oili hiyo huwa nzito kama asali kwenye baridi yetu.

Kuhusu kununua giaboksi nzima: ukikuta gia ya shaba imekwisha, skrubu ina mashimo, na shafti ya visu imepinda, vyote vitatu pamoja, nunua nyingine. Ukikuta kimoja au viwili, tengeneza.

Siku ya kwanza lima dakika ishirini kwenye sehemu laini, zima, uguse giaboksi kwa kiganja. Joto la kuweza kushikilia mpaka uhesabu tano ni la kawaida. Kama upande wa puli unaunguza kuliko upande wa visu, beringi imebanwa. Rudi uongeze gasketi moja. Baada ya saa kumi za kazi mwaga oili yote, maana imebeba unga wa meno yanayozoeana, weka mpya, na baada ya hapo ibadili kila msimu. Ukimaliza kupima mchezo wa shafti, niandikie namba mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na namba ya beringi uliyoikuta ndani.